Tupeane uzoefu: Kufunga rimu za gari la kampuni nyingine kwenye magari ya misuli ya Kimarekani

Mwanzisha mada, Ilemela

Ndugu wanajamvi, salaam. Hapa Mwanza mwenye gari la misuli (la Kimarekani lenye injini ya nguvu), yaani Mustang, Camaro au Challenger, akipinda rimu kwenye shimo hana duka la kukimbilia. Zilizopo ni rimu za mtumba zilizovuliwa kwenye Toyota, Nissan, BMW na Range Rover. Naomba wenye uzoefu waeleze walifunga rimu za gari gani kwenye gari gani, na ni nini kilichohitaji kurekebishwa. Nianze mimi.

Gari langu ni Mustang GT ya 2016 yenye usukani wa kulia. Stadi zake tano, yaani bolti za kufungia rimu, zimepangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 114.3, kipimo kilekile cha Mark X na Crown, na ndiyo maana wauza rimu hawachoki kuniambia, "Inaingia hiyo, bosi." Kwenye stadi inaingia kweli, ila tundu la katikati la rimu halisi za Toyota hizo ni milimita 60.1, ilhali kitovu (sehemu ya katikati iliyochomoza) cha habu ya Mustang, yaani kile chuma rimu inapofungwa, ni milimita 70.5, kwa hiyo rimu inagota kwenye kitovu kabla haijafika kwenye uso wa habu. Zaidi ya hapo, stadi za Toyota hizo ni za milimita 12, na nati zake zina shingo inayozama ndani ya tundu na washa bapa inayokalia rimu. Stadi za Mustang kuanzia 2015 ni za milimita 14, na zikishapita kwenye tundu lile hapabaki nafasi ya shingo ya nati. Kupeleka rimu Nyakato ikachongwe katikati kwa mashine kunamaliza tatizo la kwanza na kuliacha la pili palepale.

Nilichofunga ni rimu za inchi 18 zilizotoka kwenye Mark X, lakini hazikuwa za kiwanda cha Toyota. Ni za kampuni ya Japani inayotengenezea magari ya aina nyingi, tundu lake ni 73.1, na mahali nati inapokalia pamechongwa koni ya nyuzi 60. Nilitengenezewa ringi za alumini za kuziba pengo kati ya tundu la rimu na kitovu, zenye kipenyo cha 73.1 kwa nje na 70.5 kwa ndani, nikanunua nati za koni za milimita 14, basi. Kinachonisumbua ni kimo cha tairi: 255/40R19 za awali zina kipenyo cha milimita 687 hivi, na 235/45R18 nilizoweka zina 669. Spidi ikisoma 100, kwa kweli natembea 97, na gari limeshuka milimita tisa, jambo ambalo kila tuta la barabara ya uwanja wa ndege hunikumbusha.

Mchangiaji wa Capri Point

Mimi nina Camaro ya kizazi cha tano, yaani ile iliyoanza 2010. Stadi zake ziko kwenye duara la 120, sawa na BMW nyingi za zamani na Range Rover Sport, na nilichukua za Range Rover kwa sababu zilitengenezwa kubeba gari zito kuliko langu. Tundu lao ni 72.6, habu ya Camaro ni kama 67, hivyo hapa rimu inapita bila kuchongwa na pengo linazibwa kwa ringi. Kabla hujalipa, pima pia umbali kati ya uso unaogusa habu na mstari wa katikati wa upana wa rimu. Umbali huo ukizidi ule wa rimu ya awali, rimu huingia ndani zaidi, na kwangu tairi la mbele lilikuwa linakaribia kugusa shokapu hadi nilipoongeza spesa ya milimita 10, yaani bamba linalokaa kati ya habu na rimu, pamoja na stadi ndefu. Uzito wa rimu hizo pia unasikika, kwa sababu gari halichomoki kwenye taa kama zamani.

Mchangiaji wa Igoma

Wenye Challenger tuna balaa letu, kwa kuwa duara letu ni 115. Fundi mmoja aliniambia kwamba rimu za 114.3 "zinakubali tu ukikaza". Tofauti ni milimita 0.7 ya kipenyo, na ni kweli stadi zinapita, lakini nati haikai katikati ya koni, inaegemea upande mmoja, na stadi inabaki imevutwa muda wote. Nilikataa, maana nilikuwa nimeona Challenger nyingine kwenye jeki pembeni ya barabara ya Usagara, stadi mbili zimekatika usawa wa habu na matundu ya rimu yamelika upande mmoja mpaka alumini inang'aa. Niliagiza rimu za Chrysler 300C: duara 115, tundu 71.5, mpangilio uleule, kwa sababu magari hayo mawili yametokana na fremu moja.

Fundi tairi, Buzuruga

Wakuu, ringi za plastiki sizipendi kwenye magari mazito yanayoshuka mlima wa Bugando kwa breki, kwa kuwa joto huzilainisha. Kuhusu kukaza, Mustang hiyo inataka Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukazia) 204 wakati Toyota nyingi ndogo zinataka 103, kwa hiyo kijana aliyezoea kukanyaga spana mara moja kwa mguu ataiacha ikiwa nusu tu. Tumieni spana ya kupimia nguvu, na mkaze tena kabla gari halijafikisha kilomita 160, kama Ford yenyewe inavyoelekeza.

Mwanzisha mada

Fundi, ringi za alumini zinaganda kwenye habu. Unapaka nini?

Fundi tairi, Buzuruga

Piga brashi ya waya habu yote hadi kutu iishe, kisha paka grisi kidogo kwenye kitovu peke yake. Stadi na koni za nati ziache kavu, kwa sababu zikipata grisi kipimo cha spana kinadanganya na stadi inavutwa kupita kiasi.