Darasa la awali Nkuhungu, Dodoma: tufunge AC au tutoboe ukuta?

Mwl_Awali: Habari za leo wadau. Tuna darasa la mita 6 kwa 7, dari mita 3, watoto 45. Madirisha ni mawili, alumini ya kuslaidi, mita 1.5 kwa 1.2, yote upande wa mashariki. Ukuta wa magharibi hauna hata tundu. Kuanzia Juni upepo na vumbi vinatulazimu kufunga kila kitu; ikifika saa nne watoto wanasinzia, na mafua hayaishi. Mwenye jengo anataka kufunga AC. Itasaidia?

Hewa_Safi_Dom: Mwalimu, AC ya kawaida ya ukutani haileti hewa mpya. Inavuta hewa ya chumbani, inaipoza, inairudisha humo humo. Mabomba yanayotoka nje ni ya gesi ya kupozea na maji tu. Kwa hiyo mmoja akiwa na mafua, au mtu mzima mwenye TB, wote wanaendelea kuvuta alichotoa.

Piga hesabu. WHO (2021) wanataka lita 10 za hewa ya nje kwa sekunde kwa kila mtu kwenye majengo yasiyo ya makazi. Watoto 45 ni lita 450, yaani mita za ujazo 1,620 kwa saa. Chumba chako kina 126, hivyo hewa yote ibadilike karibu mara 13 kwa saa. Hewa ikiwa na pa kuingilia na pa kutokea, kadirio ni: 0.65 × kasi ya upepo × eneo la uwazi ulio mdogo kati ya hizo mbili × 1000; jibu ni lita kwa sekunde. Upepo wa mita 1 kwa sekunde unadai mita za mraba 0.7 kila upande. Kwa sababu ya neti, weka 1.4. Madirisha yako hufunguka nusu tu, jumla 1.8, kwa hiyo kuingia kunatosha. Tatizo ni kutoka.

Fundi_Nzuguni: Naunga mkono, toboa magharibi. Weka madirisha mawili ya kufunguka kama mlango, mita 1 kwa 1 kila moja, maana hayo hufunguka lote. Lenta mpya (boriti ya juu ya dirisha) ipite ukingo wa dirisha walau sentimita 20 kila upande. Kama kuna mkanda wa zege unaozunguka jengo, usiukate kabisa! Ukibomoa kabla ya kuegemeza matofali ya juu kwa mirunda, ukuta utapasuka pembeni.

Mwl_Awali: Asanteni sana. Na vumbi je?

Hewa_Safi_Dom: Upepo wetu mwingi hutoka mashariki. Ukizidi, punguza madirisha ya mashariki hadi upana wa kiganja, ya magharibi yabaki wazi kabisa. Usifunge pande zote. Neti zioshwe kila wiki, zikizibwa na vumbi hewa haipiti. Sakafu ipigwe deki, isifagiwe kavu.

Afya_Kata: Nyongeza muhimu kwa Julai: jiko la mkaa lisiingie darasani kupasha joto, hata likiwa limeshika vizuri na halitoi moshi. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye mkaa unaowaka, haina harufu. Watoto kadhaa wakiumwa kichwa na kutapika kwa pamoja, watoe nje kwanza, kisha hospitali. Baridi ni ya kuvaa sweta.

Mkipata kipima CO2 (gesi tunayoitoa tukipumua), kijaribuni nje kwanza, kisome karibu 420 ppm (sehemu kwa milioni). Darasani kikipita 1,000, ongezeni uwazi.