Honda CG125 ya zamani inazima ikipata moto, naombeni ushauri

Habari zenu wakuu. Naifufua mwenyewe Honda CG125 ya mzee wangu, ile ya pointi (swichi ndogo inayofunguka na kufunga ili kutoa cheche) na umeme wa volti 6. Tangi nimelipiga msasa kwa mkono mpaka nyekundu ya kiwandani ikachungulia chini ya rangi ya juu. Raha niliyoipata siwezi kuieleza!

Injini ikiwa baridi inawaka kiki moja. Ikishapata moto inazima, cheche ya plagi inakuwa ya njano na dhaifu. Ikipoa inawaka tena. Nimesafisha kabureta, plagi ni mpya, pointi nimeziweka milimita 0.35, na tundu la kifuniko cha tangi liko wazi.

Nianze kubadili kondensa (kifaa kidogo kinachofanya kazi na pointi) au koili (inayokuza umeme wa plagi)? Na koili naipimaje ikiwa bado ya moto? Natamani sana pikipiki ibaki ya asili, nisilazimike kufunga CDI, yaani mfumo wa cheche wa kielektroniki usiotumia pointi.