Kolajeni na perikardi ya ng'ombe kwenye ubongo: tukague nini kabla ya kupokea mzigo?

Teknisia_Bukavu
Hamjambo wakubwa. Depo moja imetuletea bloku (chumba cha upasuaji) vifaa vya kuzibia dura, yaani utando mgumu unaofunika ubongo, baada ya upasuaji wa kichwa. Kuna karatasi kavu za kolajeni (protini ya ngozi na kano) ya ng'ombe, kuna perikardi (utando wa moyo) ya ng'ombe inayoelea ndani ya maji kwenye chupa, na kuna kartoni la zamani lisilo na notisi (karatasi ya maelekezo), limeandikwa tu kwamba ni dura ya binadamu iliyokaushwa. Juu ya hayo, daktari wetu kijana anauliza kama jeli ya asidi ya hayaluroni inaweza kujaza shimo linalobaki ndani ya ubongo baada ya kuondoa sehemu iliyopondeka. Muuzaji anasema vyote ni vya asili kwa hiyo mwili hauvikatai. Nikague nini hasa?

Upasuaji_Goma
Teknisia, anza na lile kartoni la tatu: lisiingie bloku kabisa, hata kwa dharura. Dura iliyotolewa kwa maiti ndiyo iliyosambaza ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, ugonjwa wa ubongo unaoua, kwa njia ya upasuaji. Mgonjwa wa kwanza aliripotiwa Marekani mwaka 1987, na dura yenyewe ilikuwa Lyodura ya Ujerumani. Japani peke yake imehesabu wagonjwa zaidi ya 140. Mwaka huohuo wa 1987 mtengenezaji aliongeza hatua ya kuiloweka kwenye sodiamu haidroksaidi, lakini vipande vya zamani viliendelea kukaa kwenye makabati ya hospitali. Prioni, protini mbovu inayoleta ugonjwa huo, haifi kwa pombe, wala kwa formalini, na dalili zinaweza kungoja zaidi ya miaka 20. Kwa hiyo mtu akikwambia "tulitumia na hakuna aliyeugua", hajakwambia kitu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 1997 dura ya maiti isitumike tena.

Kabla hujalipia hizo nyingine mbili: kwa majeraha mengi ya kichwa, tishu ya mgonjwa mwenyewe inatosha. Utando unaofunika fuvu unapatikana kwenye mkato uleule, unaukwangua taratibu kabla ya kukata mfupa, unaufunga kwenye kompresi yenye serumu (maji ya chumvi) usikauke. Kama eneo ni kubwa, fashia (utando unaofunika misuli) ya paja. Hakuna prioni ya ng'ombe, hakuna mzio, hakuna bei. Ubaya wake ni muda, kidonda cha pili ukienda pajani, na kwamba baada ya ajali utando wa fuvu mara nyingine umechanika kiasi cha kutofaa.

Tofautisha pia kuziba dura na kuweka kitu ndani ya ubongo wenyewe. Hayo ni mambo mawili. La kwanza ni kazi ya kila siku. La pili, jeli za kujaza shimo, kwa sehemu kubwa bado liko kwenye panya na maabara. Dokta kijana asilifanye kwa mgonjwa nje ya utafiti wenye kibali cha kamati ya maadili.

Kemia_Lubumbashi
Nakubaliana na Dokta, nami niseme upande wa nyenzo, maana hapo ndipo muuzaji anapoponyokea.

Omba karatasi za kundi lile lile lililo kwenye boksi, si za kampuni kwa jumla. Ya kwanza ni nchi ya ng'ombe na sehemu ya mwili iliyotumika. Kano na ngozi ni tishu za hatari ndogo kwa prioni. Ubongo na uti wa mgongo ni hatari kubwa. Kiwango kinachosimamia hili ni ISO 22442. Ya pili, na ndiyo ninayoisisitiza, ni endotoksini. Kifaa cha kawaida kinaruhusiwa yuniti 20 kwa kipande. Kinachogusa maji ya ubongo ni yuniti 2.15 tu. Cheti kikisema "chini ya 20", kifaa kinaweza kuwa safi kwa tumbo na kisifae kwa kichwa. Tena endotoksini ni masalia ya ukuta wa bakteria: bakteria wamekufa, majaribio ya kuotesha yanatoka safi, na mgonjwa bado anapata homa na shingo ngumu. Kuiharibu kwenye glasi kunataka joto kavu la 250°C kwa dakika 30. Kolajeni huwezi kuipitisha hapo.

Kama nyenzo imetokana na tishu nzima iliyooshwa seli (perikardi ni mojawapo), uliza DNA iliyobaki. Kipimo ambacho watafiti wengi wanakitumia ni chini ya nanogramu 50 kwa kila miligramu ya tishu kavu, na vipande vya DNA vifupi kuliko jozi 200 za besi. Uliza pia sabuni iliyotumika kuosha. SDS, mojawapo ya sabuni hizo, ikibaki ndani inaua seli za jirani, na watu wanadhani ni mwili unaokataa.

Kuhusu jeli: tatizo la kwanza ni kuvimba. Fuvu halitanuki. Jeli ya mililita 10 inayovimba kwa asilimia 30 inadai nafasi ya mililita 3 zaidi. Juu ya ubongo mgonjwa anaweza kuvumilia, karibu na shina la ubongo sivyo. La pili ni ugumu. Tishu ya ubongo ni laini sana, karibu kilopaskali 1 au chini yake. Kitu kigumu kikikaa humo, kila mdundo wa moyo unakisugua, mikroglia (seli za kinga za ubongo) zinaamka, astrosaiti (seli zinazotegemeza neva) zinajenga kovu kukizunguka. La tatu ni masalia ya kuoza. Hayaluroni ya molekuli ndefu inatuliza uvimbe, lakini ikikatika kuwa vipande vifupi inauchochea. Kwa hiyo picha nzuri ya wiki ya kwanza haitoshi, tazama hadi wiki ya 12. ISO 10993-6 ya mwaka 2016 ina kiambatisho cha tishu ya ubongo, mpe huyo daktari akisome.

Nyenzo nyingine za asili, kama kitosani, alginati na hariri, zina mambo yake. Nataja hariri tu: serisini, gundi ya nyuzi zake, isipoondolewa vizuri (nyuzi huchemshwa dakika 30 kwenye sodiamu kaboneti ya 0.02 M), ndiyo inayoleta mwasho.

Mama_Sterilizasio
Mwanangu Teknisia, mambo ya mezani.

Ile perikardi ya chupa mara nyingi imehifadhiwa kwa glutaraldehidi. Isuuze kwenye serumu ya chumvi isiyo na vijidudu kama notisi inavyosema: bakuli ngapi, mililita ngapi, dakika ngapi. Geuza kipande, pande zote mbili. Bloku nyingi zinakichovya mara moja na kukitoa, na glutaraldehidi iliyobaki inaunguza uso wa ubongo. Usitumie maji ya betadini, wala usimimine antibiotiki ndani ya bakuli kwa akili yako.

Kolajeni kavu isiingie otoklavu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke). Ikishapata 121°C inakuwa jelatini. Boksi likifunguka au likilowa ni la kutupa, hakuna kurudia.

Kwa vyombo na kompresi, kumbuka tuko juu. Goma na Bukavu ziko kwenye mita 1,500 hivi. Otoklavu ya kizamani inayosomwa kwa geji peke yake, ukiisimamisha kwenye bar 1.03 kama kitabu cha pwani, ndani ni karibu 118°C tu. Ipandishe hadi bar 1.2 hivi ndipo upate 121°C, kama chombo chenyewe kinaruhusu, na weka kiashiria katikati ya furushi, si juu. SNEL, shirika la umeme, wakikata katikati ya mzunguko, dakika zinahesabiwa upya kutoka sifuri.

Teknisia_Bukavu
Asanteni sana. Swali la mwisho: hiyo kolajeni kavu inashonwa au inalazwa tu? Madaktari wetu wawili hawaelewani.

Upasuaji_Goma
Ziko aina mbili, soma boksi. Ya kulazwa inapita ukingo wa dura angalau sentimita 1 kila upande, unailowesha kwa serumu, huivuti. Ukiishona inachanika kwenye tundu la sindano, na maji ya ubongo yanapita hapohapo. Ya kushonwa inataka uzi wa 4-0 au 5-0 bila kukaza. Mimi kwenye fosa ya nyuma (sehemu ya chini nyuma ya fuvu) siamini ya kulazwa peke yake, presha ya maji pale ni kubwa mno; wapo wenzangu wanaobisha.

Kabla ya kurudisha mfupa, mwombe wa anestezia apandishe presha ya hewa anayopuliziwa mgonjwa hadi sentimita 30 au 40 za maji kwa sekunde chache, uangalie kama kuna tone. Kama ubongo umeshavimba, liache jaribio hilo. Na sponji ya jelatini au selulosi ya kuzuia damu ikishafanya kazi, itoe, hasa karibu na neva ya macho. Zote zinavimba.

Homa ikija baada ya siku chache usiseme haraka ni "mzio wa kolajeni". Skana kwanza, halafu kipimo cha maji ya mgongo: seli, glukosi, kuotesha. Glukosi ikiwa chini, tibu kama bakteria mpaka maabara iseme vingine. Andika namba ya kundi la kipande kwenye faili la mgonjwa, si kwenye daftari la bloku peke yake.