Damu pungufu, lakini chembe zake ni kubwa: vitamini inahusikaje?

Mkazi wa Makorora, Tanga
Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mama yangu mkubwa, ambaye ametumia metformin kwa miaka mingi kwa ajili ya kisukari, analalamika uchovu na ganzi ya nyayo. Alipewa vidonge vya madini ya chuma, akavimaliza bila nafuu. Majibu ya picha kamili ya damu yanaonyesha kuwa damu ni pungufu, ilhali wastani wa ukubwa wa chembe nyekundu ni femtolita 112, na kikomo cha kawaida ni 100 hivi. Daktari anashuku upungufu wa vitamini B12. Inakuwaje chembe zinazokosa vitamini zinenepe badala ya kusinyaa?

Mpima Damu
Waalaikum salaam. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kwa hiyo uboho, kiwanda cha chembe hizo ndani ya mifupa, hauna likizo. Kabla ya kugawanyika, chembe changa hulazimika kunakili vinasaba vyake vyote, kazi ambayo haiendi bila B12 na foleti, vitamini nyingine ya kundi B. Zikikosekana, kiini hukwama huku sehemu nyingine ya chembe ikiendelea kukua na kujaa hemoglobini, protini nyekundu inayobeba oksijeni, na ndipo zinapopatikana chembe chache, kubwa, baadhi zenye umbo la yai. Nyingine nyingi hufia humo humo ubohoni. Chembe nyeupe nazo hazisalimiki: neutrofili, aina mojawapo ya chembe hizo, ambayo kiini chake huwa na vipande vitatu hadi vitano, huonekana chini ya hadubini ikiwa na sita au zaidi, na mimi huiamini dalili hiyo kuliko namba ya mashine. Chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, pia huweza kupungua. Anayekosa madini ya chuma hupungukiwa na hemoglobini yenyewe, hivyo chembe zake hutoka ndogo na zilizopauka.

Bi. Chumbageni
Msidhani kwamba mtu wa pwani hawezi kukosa B12 kwa kuwa anakula samaki. Vitamini hiyo hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba, tena ikiwa imeshikana na protini inayotengenezwa tumboni, na metformin ikitumiwa muda mrefu hupunguza ufyonzwaji huo. Kwa kuwa ini huweka akiba ya miaka kadhaa, tatizo huchelewa kujitokeza. Akiba ya foleti ni ya miezi tu, nasi tunauchemsha mchicha mpaka unakuwa mweusi, kisha maji yake tunayamwaga! Hata hivyo, asipewe asidi ya foliki, yaani foleti ya vidonge, peke yake: kiwango cha damu kinaweza kupanda, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kwa kukosa B12.

Mkazi wa Makorora, Tanga
Ahsante, Bi. Vidonge hivyo vya asidi ya foliki tumekwisha kuvinunua, ila hajaanza kuvimeza. Changu na dagaa anakula karibu kila siku, ndiyo maana nilikuwa nikibisha.

Mpima Damu
Visianzwe mpaka B12 ipimwe na daktari aamue, na metformin asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe. Akianza sindano za B12, chembe changa huongezeka ndani ya wiki moja hivi, na hemoglobini hufuata baada ya wiki kadhaa. Ganzi huchelewa zaidi, na iliyokaa muda mrefu huenda isiishe yote, kwa hiyo kipimo kisisubiri.