Chuo cha wananchi kianze kutoa walimu, au kibaki na cherehani na uashi?

Mtu_wa_Kome
Wakuu habari za jioni. Hili jambo limesemwa kwenye mkutano wa kijiji mara mbili nikaona nilete na huku. Hivi vyuo vya maendeleo ya wananchi Mwalimu Nyerere alitoka Sweden na wazo lake, vikaanza 1975, leo viko 54 nchi nzima na sisi huku Buchosa na Sengerema tunavijua vizuri, kijana anaenda anatoka na cherehani, uashi, umeme au mapishi. Hoja ni kwamba chuo chetu kianze na ualimu, kwa kuanzia walimu wa awali. Huku visiwani Ziwa Victoria mwalimu anapangwa anatoka Mbeya au Moshi, anashuka kwenye mtumbwi begi kichwani, suruali imelowa mpaka magotini, wiki ya pili ashaanza kuulizia uhamisho. Simlaumu, hana ndugu hapa, hana chumba. Lakini mtoto wa Maisome akisomea ualimu hapa hapa, kurudi kwao sio adhabu. Mnasemaje?

Ngosha_Igoma
Napinga. Mnataka turudi kule kule kwa UPE, ule mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, darasa la saba anamfundisha darasa la saba mwenzie. Azimio la Musoma la 1977 ndio lilituharibia elimu mpaka leo, na nyie mnataka chuo cha cherehani kitoe walimu. Halafu daraja la Kigongo–Busisi limeshafunguliwa, hiyo habari ya mitumbwi imepitwa na wakati.

Mtu_wa_Kome
Mkuu hilo daraja linaishia Busisi, Maisome halijafika.

Binti_wa_Mwalimu
Ngosha hapo umenigusa. Mama yangu ni mwalimu wa UPE na nitajibu. Kwanza Azimio la Musoma ni 1974 sio 1977, hiyo 1977 ndio mwaka uliowekwa watoto wote wawe wameingia shule. Pili unajua walisomeaje? Asubuhi anasimama darasani, mchana na yeye anakuwa mwanafunzi, masomo mengine yanakuja kwa redio. Mama alikuwa na redio ya betri tatu, zikiisha nguvu anazianika juani kwenye bati siku nzima ili jioni asikose kipindi. Madaftari yake ninayo mpaka leo kwenye sanduku, kurasa zina matone ya mafuta ya taa kwa sababu alikuwa anaandika karibu na kibatari. Miaka mitatu hivyo, huku analea. Wewe ulisoma kwa shida gani mpaka umdharau mtu kama huyo?

Ngosha_Igoma
Dada sijamtaja mama yako, nimesema mfumo. Mimi nilikuwa darasa la tano, mwalimu wetu alikuwa akifika kwenye hesabu za sehemu anasema hizi mtazikuta mbele, anaruka. Sehemu nimekuja kujifunza fomu wani nikiwa na aibu mbele ya darasa zima. Hiyo aibu nilibebeshwa mimi, haikubebeshwa serikali. Kwa hiyo na mimi nina haki ya kuumia.

Mama_Buhongwa
Zamani watu walikuwa wanasema UPE ni Ualimu Pasipo Elimu, hilo neno halikutoka hewani jamani.

Binti_wa_Mwalimu
Hilo neno mama amelisikia sokoni, kanisani, mpaka kwenye msiba. Waliolisema ndio hao hao waliofundishwa naye a e i o u. Mama Buhongwa nakuheshimu ila ungelifuta.

Mama_Buhongwa
Siwezi kufuta kitu kilichosemwa na nchi nzima mwanangu. Ila pole kwa mama, msalimie.

Fomusiksi_2005
Na sisi tuliotoka fomu siksi tukapewa kozi ya wiki chache tukatupwa shule za kata mkatuita voda fasta, tuseme nini? Niliingia darasani nina miaka 21, wanafunzi wa kidato cha pili wengine wakubwa kuliko mimi, fizikia niko peke yangu shule nzima. Nilisoma usiku ili asubuhi nifundishe. Baadaye nikaenda kuchukua digrii na bado nafundisha. Jina mlilotupa mpaka leo wanafunzi wanaliandika ukutani. Binti niko na wewe.

Ngosha_Igoma
Kaka unathibitisha ninachosema. Ulijitahidi wewe kama wewe. Kozi ilikuwa haitoshi.

Fomusiksi_2005
Haikutosha, ndio. Ila bila sisi zile shule zingefunguliwa na nani?

Dagaa_Mwaloni
Naomba nafasi. Nimesoma komenti zote mnagombana kuhusu UPE, aliyeleta hoja kaongelea walimu wa awali. Mimi nina digrii ya ualimu nimemaliza 2018. Niko Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, napakia dagaa kwenye magunia kuanzia saa kumi alfajiri. Kila ajira zikitangazwa naomba, jina halitoki. Wenzangu wanajitolea shuleni kwa nauli tu ya wazazi. Sasa chuo kingine kianze kuzalisha walimu waje wanikute wapi? Mwaloni tushajaa.

Mkufunzi_mstaafu
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Kijana wa Mwaloni ana hoja na haijajibiwa. Na mimi naongeza, kuanzisha kozi ni rahisi kuliko kuiendesha. 2016 pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, wanafunzi zaidi ya elfu saba wa stashahada maalumu ya ualimu walirudishwa nyumbani kwa sababu hawakuwa wanafundishwa. Hicho ni chuo kikuu. Sasa chuo cha wananchi chenye fundi cherehani na fundi seremala, mkufunzi wa saikolojia ya mtoto anatoka wapi? Shule ya mazoezi iko umbali gani? Nani anamkagua mwanachuo akiwa kwenye mazoezi kisiwani?

Mtu_wa_Kome
Shikamoo mzee. Ndio maana nimesema tuanze na awali. Hivi vyuo tayari vinapokea mabinti waliokatishwa shule kwenye ule mpango wa Elimu Haina Mwisho na watoto wao wanalelewa pale pale chuoni. Kwa hiyo watoto wadogo wapo, chumba kipo, mama mwanafunzi anapita dirishani anamwona mwanae anapanga vizibo vya soda. Kila shule ya msingi inatakiwa iwe na darasa la awali, huku kwetu hilo darasa anapewa mwalimu yeyote mwenye vipindi vichache, na mtoto anaongea Kijita au Kisukuma, anamwangalia tu.

Mama_Buhongwa
Hilo la lugha ni kweli. Ila nyumba za walimu je? Hata huyo wa Maisome akioa atataka nyumba.

Ngosha_Igoma
Nyumba ndio mzizi. Jengeni nyumba kwanza, hata wa Moshi atakaa.

Binti_wa_Mwalimu
Mama alikaa miaka 31 kijiji kimoja kwenye nyumba ya udongo. Kwa sababu kwao ilikuwa ng'ambo ya mto tu.

Dagaa_Mwaloni
Mtu wa Kome, hujanijibu. Hicho chuo kikianza na kikakosa wakufunzi, mwenye digrii atakubaliwa kuja? Mtumbwi siuogopi.