DEFA ya Ujerumani Mashariki: kosa lilikuwa fedha za serikali, au neno la mwisho la chama?

Mleta mada:

Ndugu wanabaraza, kila tunapojadili kama serikali igharimie filamu au iwaachie wafanyabiashara, hakosi mtu wa kuitaja Ujerumani Mashariki, naye huitaja kama mtoto mtukutu anavyotajwa mbele ya wenzake, mjadala ukafungwa kabla haujafunguliwa. Naomba leo tuuchunguze mfano huo wenyewe.

DEFA, studio ya filamu, ilianzishwa tarehe 17 Mei 1946 kwa leseni ya utawala wa kijeshi wa Kisovieti, ikaja kurithi mabanda na mitambo ya Babelsberg, pale Potsdam, ambako kampuni ya Ufa ilikuwa imetengeneza filamu za enzi ya Hitler. Hadi ilipouzwa mwaka 1992 ilikuwa imetoa filamu za hadithi zipatazo 700. Ya kwanza, Die Mörder sind unter uns, yaani "Wauaji wamo miongoni mwetu", ni ya mwongozaji Wolfgang Staudte, ambaye alikwisha kubisha hodi kwa maofisa wa nchi za Magharibi wakamkatalia, na ni Wasovieti waliompokea. Inasimulia daktari wa jeshi anayerudi Berlin iliyojaa magofu na kumkuta kamanda wake wa zamani, aliyeamuru raia wapigwe risasi katika kijiji cha Poland, akiwa sasa mwenye kiwanda anayeheshimika, anayegeuza kofia za chuma za askari kuwa sufuria. Filamu hiyo ilioneshwa tarehe 15 Oktoba 1946, wiki mbili tu baada ya majaji wa Nuremberg kuwahukumu viongozi wa utawala wa Hitler. Mwaka uliofuata Kurt Maetzig akatoa Ehe im Schatten, habari ya mwigizaji na mkewe Myahudi waliochagua kufa pamoja kuliko kutenganishwa, nayo ikaoneshwa kwa wakati mmoja katika sehemu zote nne za Berlin, mji uliokuwa umegawanywa kati ya washindi wa vita.

Sioni mfanyabiashara ambaye mwaka ule angeweka fedha zake katika kuwaambia Wajerumani jambo ambalo wengi wao hawakutaka kuambiwa. Kwa hiyo nasema kwamba anayelipa na anayekataza si lazima wawe mtu mmoja, na kwamba tunapoilaumu DEFA tunachanganya mambo mawili: mfuko wa serikali na mkasi wa chama tawala cha kikomunisti.

Mchangiaji wa kwanza:

Mleta mada, kwa heshima zote, umeanza hadithi pale inapokufaa na kuikata pale inapoanza kuuma. Hata hiyo filamu ya kwanza ilipita chini ya mkasi. Katika mswada wa Staudte, daktari alimuua yule kamanda kwa mkono wake, na ofisa wa Kisovieti ndiye aliyetaka mwisho ubadilishwe ili mhalifu apelekwe mahakamani. Unaweza kusema ushauri ule ulikuwa wa busara, nami sitabishana nawe, maana mji uliokuwa umejaa watu wenye visasi haukuhitaji mfano mwingine. Lakini tazama lilivyoanza: mwenye leseni ndiye aliyeamua hadithi iishie wapi, na tangu siku hiyo mwenye leseni hakuiacha tena haki hiyo.

Sasa njoo mwaka 1965. Kati ya tarehe 16 na 18 Desemba Kamati Kuu ya chama tawala, SED, ilikutana katika kikao chake cha 11, kikao kilichoitishwa ili kuzungumzia uchumi. Mageuzi ya uchumi yalikuwa yamekwama, na mkuu wa tume ya mipango, Erich Apel, alikuwa amejiua tarehe 3 ya mwezi huohuo. Badala ya kuulizana kuhusu viwanda, wakubwa wakasikiliza ripoti iliyosomwa na Erich Honecker, wakati huo bado hajawa kiongozi wa nchi, ikiwashambulia waandishi na waongozaji kwamba wanaeneza mashaka na kuharibu maadili ya vijana. Ni rahisi zaidi kumtafuta mchawi katika ukumbi wa sinema kuliko katika vitabu vya hesabu. Filamu zipatazo 12, sehemu kubwa ya kazi ya mwaka mzima, zikapigwa marufuku au zikasimamishwa kabla hazijakamilika. Watu wakaja kuziita filamu za sungura, kutokana na ile ya Maetzig, Das Kaninchen bin ich, yaani "Sungura ni mimi", inayohusu msichana anayependana na hakimu aliyemfunga kaka yake.

Naomba tukae hapo kidogo. Filamu zile hazikutengenezwa mafichoni. Kila mswada ulisomwa na wahariri wa studio, ukapita kwa mkurugenzi, ukaenda kwenye idara kuu ya filamu katika Wizara ya Utamaduni, na kila ngazi iliweka sahihi yake na kutoa fedha. Maetzig hakuwa mpinzani. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa DEFA, mwanachama wa chama cha kikomunisti tangu kabla ya vita kwisha, na yeye ndiye aliyeongoza filamu mbili za miaka ya 1950 za kumtukuza Ernst Thälmann, kiongozi wa kikomunisti aliyeuawa enzi ya Hitler. Hata hivyo alilazimika kuchapisha toba yake katika gazeti la chama, na Walter Ulbricht, kiongozi wa nchi wakati huo, akamjibu kwa barua ya wazi. Waziri wa utamaduni, Hans Bentzien, alipoteza kiti chake. Miezi michache baadaye Frank Beyer alitoa Spur der Steine, filamu kubwa kuhusu mafundi seremala katika eneo la ujenzi, Manfred Krug akiwa msimamizi wao mkorofi. Chama kilipanga watu wa kufanya fujo ukumbini, filamu ikaondolewa baada ya siku chache, na Beyer akapelekwa kufanya kazi katika tamthilia za jukwaani huko Dresden.

Katika nchi nyingine yoyote mwongozaji aliyefukuzwa huenda akabisha hodi mlango wa pili. Pale mlango ulikuwa mmoja, kwa sababu studio ilikuwa moja, msambazaji mmoja, na mtoa kibali mmoja. Huo mfuko na huo mkasi unavyovitenganisha kwa maneno vilikuwa mkononi mwa mtu yuleyule.

Mleta mada:

Nimekubali kuhusu 1965, wala sina cha kuipamba. Ninachokataa ni kuiita sheria ya maumbile. Jirani yao, Poland, nayo ilitaifisha filamu mwaka 1945 kwa kuunda shirika la Film Polski, nayo ikapitia miaka migumu baada ya mkutano wa watengenezaji filamu wa 1949 katika mji wa Wisła, ulioamrisha uhalisia wa kijamaa, yaani mtindo wa sanaa wa kuutukuza ujamaa. Lakini kuanzia 1955 uzalishaji uligawanywa katika vikundi vya waongozaji, kama Kadr na baadaye Tor na X, vyenye wakuu ambao ni wasanii wenyewe, na mswada uliokataliwa katika kikundi kimoja uliweza kupelekwa kwa kingine. Fedha zilikuwa zilezile za serikali. Popiół i diament ya Andrzej Wajda, iliyotoka 1958, inamfanya kijana aliyetumwa kumuua kiongozi wa kikomunisti awe mhusika ambaye mtazamaji anamlilia. Hilo Babelsberg isingelithubutu.

Hata Beyer mwenyewe hakuishia Dresden. Mwaka 1974 alikamilisha Jakob der Lügner, kwa mswada wa Jurek Becker uliokuwa umekwama tangu miaka ya 1960, na hiyo ndiyo filamu pekee ya Ujerumani Mashariki iliyowahi kuteuliwa kuwania Oscar.

Mchangiaji wa pili:

Mnasahau watazamaji, ndugu zangu. Sisi tuliokulia Unguja tukiyatazama maghorofa ya Kikwajuni na Kilimani yaliyojengwa kwa msaada wa Wajerumani Mashariki tunadhani kila kitu chao kilitoka katika kalibu moja. Sivyo. Kuanzia 1966 studio ileile ilitoa filamu za Wahindi Wekundu, nyota wake akiwa Myugoslavia Gojko Mitić, nazo zilijaza kumbi kwa mamilioni, safari hii Wahindi wakiwa upande wa haki na wazungu wakiwa wanyang'anyi wa ardhi. Propaganda? Ndiyo, na pia burudani safi. Usisahau kwamba watu wengi wa nchi ile waliweza kunasa televisheni ya Magharibi nyumbani kwao, kwa hiyo studio ya serikali ilikuwa na mshindani sebuleni, ipende isipende.

Mchangiaji wa kwanza:

Hilo la televisheni nalikubali, tena ni hoja nzuri kuliko za mleta mada. Lakini Poland isituhadae. Ryszard Bugajski alimaliza Przesłuchanie mwaka 1982, habari ya mwanamke anayeteswa katika magereza ya enzi ya Stalin, ikafungiwa hadi 1989, na kikundi X cha Wajda, kilichoitengeneza, kikavunjwa. Vikundi vilikuwa huru kwa kiasi ambacho chama kilikuwa kimelala.

Na mkitaka kujua kibali kilikuwa na thamani gani, itazameni Coming Out ya Heiner Carow, filamu pekee ya hadithi ya DEFA iliyofanya mapenzi ya wanaume wawili kuwa kiini chake, ambayo mwongozaji aliipigania kwa miaka kabla ya kuruhusiwa. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Kino International, Berlin, usiku wa tarehe 9 Novemba 1989. Wakati watu wanaitazama, mpaka wa kuingia Berlin Magharibi ulifunguliwa, na waliotoka ukumbini wakakuta barabara zimejaa wanaokwenda upande wa pili. Mwezi huohuo Spur der Steine, iliyokaa kabatini miaka 23, ikarudi kwenye kumbi.