Mume wangu anasema boya lake ni Mungu. Je, nimekosa imani kumnunulia jaketi?

mama_chanja
Bwana Yesu asifiwe, na asalaam aleikum kwa ndugu zangu Waislamu.

Mimi naanika dagaa mwaloni, Ukerewe. Mume wangu ana mtumbwi mmoja. Usiku wa giza wanatoka wanne na taa zao, wanarudi alfajiri. Kwa hiyo nusu ya kila mwezi mimi silali. Saa nane upepo ukianza kugonga bati, nakaa kitandani nasoma Zaburi ya 121 kwa tochi ya simu, pale kwenye mlinzi asiyesinzia, mpaka nisikie injini. Injini yetu ina kikohozi chake, naijua hata zikija kumi.

Mwaka jana shemeji yangu, mdogo wake, hakurudi. Ulikuwa mtumbwi wa watu wengine, ukapinduka. Kijana huyo ndiye aliyekuwa akiwaombea wenzake kila jioni kabla hawajasukuma mtumbwi majini. Wawili waling'ang'ania dumu la mafuta wakaokolewa. Yeye tulimpata siku ya tatu. Msibani mtu akaniambia, "Mungu amewalinda wale wawili." Nikanyamaza. Na huyu wetu je?

Juzi tumevunja kikoba. Nikanunua majaketi mawili ya kuokolea, yale ya rangi ya chungwa. Baba watoto akayatazama kama nimemletea gauni. Akasema boya lake ni Mungu, kwamba namfundisha woga, na akanisomea Zaburi ya 127: Bwana asipoulinda mji, yeye aulindaye akesha bure. Sina elimu ya kubishana naye. Majaketi yananing'inia msumarini nyuma ya mlango. Kweli nimekosa imani?

mzee_wa_nansio
Pole sana mwanangu. Nami nimevua miaka mingi; nimeacha kwa sababu ya mgongo, si kwa sababu ya busara.

Mwambie mumeo aisome tena hiyo 127, polepole. Mlinzi wa mji yuko macho. Hakuambiwa akalale.

Halafu afungue Matendo 27. Paulo ameshaambiwa na malaika kwamba katika merikebu ile hapotei hata mmoja, na walikuwa watu 276. Ahadi nzima hiyo, haina pengo. Lakini mabaharia walipotaka kutoroka na mashua, Paulo huyohuyo akamwambia akida: hawa wakiondoka, ninyi hamtaokoka. Na wasiojua kuogelea walifikaje nchi kavu pale Malta? Kwa mbao na vipande vya merikebu. Mbao zile ndizo zilikuwa majaketi yao. Sijasoma mahali Paulo amewakemea kwa kuzishika.

Kuhusu shemeji yako sina jibu. MV Nyerere ilipozama karibu na Ukara mwaka 2018, fundi mmoja wa injini alitolewa hai baada ya siku mbili ndani ya kivuko kilichopinduka, na watu zaidi ya 200 wakatolewa maiti. Baadaye nikamsikia mhubiri akieleza kwa nini huyu na si wale. Nilitoka nje. Alieleza vizuri mno kwa mtu ambaye hakuwa amezika.

bin_nahodha
Waaleikum salaam dada, na poleni kwa msiba. Huku Tanga wenye tabia ya mumeo wanajificha nyuma ya "jitihada haiondoi kudura". Haiondoi, sawa. Ila nani alisema jitihada iachwe? Mtume (S.A.W.) aliulizwa na mtu kama amfunge ngamia wake au amwachie tu na kutawakali. Akajibiwa: mfunge, kisha tawakali.

Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi. Kabla ya kung'oa nanga alisoma dua huku mkono ukipapasa kamba, fundo kwa fundo. Dua yake ilikuwa ndefu kwa sababu kamba zilikuwa nyingi.

kaka_imani
Tusimponde sana huyu baba. Alimzika mdogo wake, na bado jioni inayofuata ikabidi aingie majini yaleyale, maana watoto wanakula. Labda hilo neno la boya ndilo linalomtoa mlangoni. Ukimvua, umvike kitu kingine kwanza.

mke_wa_musoma
Kaka hapo juu, huyo dada anataka kumvika, hataki kumvua 😂

Dada, mafungu ya Biblia weka pembeni kidogo. Ni aibu hiyo. Anaogopa kuchekwa mwaloni. Wangu alikuwa hivyohivyo, mpaka nikaanza na kijana mdogo kuliko wote mtumbwini, nikasema nimemwahidi mama yake. Mdogo akivaa, mkubwa anakosa maneno. Na angalia mikanda ya kupita katikati ya miguu: isipofungwa, jaketi linakupanda hadi masikioni na wewe unazama chini yake. Filimbi ifungeni kwa kamba, wasiiache nyumbani watoto wakaichezea.

mama_chanja
Shikamoo mzee, na asanteni wote. Nimekawia kujibu, mwezi ulikuwa mkubwa nikasubiri watoke kwanza.

Matendo 27 nilimpa aisome mwenyewe. Alisoma kimya hadi kwenye mbao, akafunga kitabu, akauliza kama chai ipo. Kesho yake nikamwita kijana wao mdogo, nikamfunga jaketi mbele ya mtumbwi, mikanda yote, na filimbi. Wenzake wakamwita trafiki. Mume wangu hakucheka.

Jana wametoka. La pili amelichukua mwenyewe msumarini bila kuambiwa. Nimemsindikiza hadi majini nikaona amelikunja, amelikalia kama mto, ameshika usukani wa injini.

Upepo ulianza saa tisa kasoro. Nilisoma 121 mara nne.